Madebe Mawili ya Ua

Kabla ya kuliibia ua maji, Mhina alitazama kwanza dirisha la Memsahibu. Pazia bado limeshushwa. Akayabeba madebe yote mawili mzegamzega hadi kwenye wigo, ambako mkewe, Mwanaidi, alikuwa akimngoja na mtungi.

"Yote? Hukuliachia hata tone?"

"Kufa halifi. Wanaokufa na kiu ni wanangu."

Mwaka ule mvua ilikuwa imeisahau njia ya Handeni. Kilibaki kisima kimoja, mwendo wa nusu siku, nacho tope tupu. Lakini nyumbani kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, wafungwa walileta maji kila siku. Madebe mawili yalikuwa ya ua: ua la zambarau ambalo Memsahibu alilichimba mchangani kule Tanga, apate kutazama vipepeo huku akinywa chai. Mhina, mtunza bustani, aliambiwa mapema: likifa, kazi hana.

Siku tatu za kwanza alilinywesha kwa uaminifu. Majani yakageuka njano. Alipoanza kuiba, ua likachangamka, likatambaa, likachanua, nyuki na vipepeo wakalijaa. Kumbe mtoto wa pwani hataki kubembelezwa! Mhina akacheka peke yake. Wazungu wana vitabu, yeye ana akili.

"Unalimwagilia kiasi gani?" Memsahibu aliuliza siku moja, kalamu mkononi.

"Madebe mawili, Memsahibu, kila asubuhi. Nikipunguza kidogo tu, linanyauka."

Memsahibu aliandika neno kwa neno.

Mwezi uliofuata baraza liliitishwa, na Bwana Disii akamwita Mhina mbele ya watu wote. Siku za mwizi arobaini. Alishaanza kuvihesabu viboko moyoni. Badala yake akavishwa kanzu mpya. Watu wakapiga makofi, Mwanaidi akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Bwana Disii akafungua daftari la mkewe, akasoma amri. Ua hili huleta nyuki, na nyuki huleta nta ya kuuza Ulaya. Kwa hiyo, kuanzia kesho, kila nyumba ya Handeni italipanda na kulimwagilia madebe mawili kila asubuhi, maji ya kisimani. Mhina anaachishwa bustani leo hii. Amepandishwa cheo, ni mkaguzi, na ataanzia nyumbani kwake.