Muhuri wa Mama Kalunde

Kila aliyechanjwa dhidi ya UKIMWI alipaswa kisheria kwenda kumshukuru Kalunde, ndiyo maana uani kwa Nyamizi, mama yake, hapakukosa wageni. Kalunde alizaliwa na virusi, lakini kabla hajatimiza mwaka damu yake ilishatengeneza kingamwili za kukamata aina zote za virusi hivyo, ingawa hazikumponya. Wataalamu wakafuatisha njia hiyo, wakapata chanjo. Chanjo iliwakinga wasio na virusi tu. Kalunde, sasa akiwa na miaka minne, bado alimeza dawa kila asubuhi.

Jumamosi moja akaja Mama Hulda na doti ya khanga, pamoja na mwanawe aliyekwisha kuchomwa sindano ya kwanza ya chanjo. Alipiga vigelegele, akapiga magoti, akamwita Kalunde mkombozi. Kalunde akafurahi, akamega andazi alilokuwa akila, akampa Hulda kipande.

Mama Hulda akamvuta mwanawe haraka, akamfuta vidole kwa pindo la khanga ile ile ya zawadi. Mkono wa Kalunde ukabaki hewani na kile kipande.

Nyamizi akamkazia macho Mama Hulda.

"Samahani dada, ni mazoea tu," Mama Hulda alisema, akimnyooshea Nyamizi kadi ya chanjo. Bila muhuri wa Nyamizi kuthibitisha shukrani, Hulda asingepata sindano ya pili.

"Mate hayaambukizi, na unajua. Kinga ya mwanao imetoka kwa huyu huyu unayemkimbia!" Nyamizi akaufumbata muhuri. "Hulda akimaliza hicho kipande cha andazi, nitagonga."

Mama Hulda akaitazama kadi, kisha andazi. Hakumtazama Kalunde hata mara moja.