Mkanda wa Gitaa

Kabla ya mazoezi, Mwaruka alipewa asome historia ya bendi yao ya muziki wa metali, itakayochapwa kwenye jalada la albamu ya nne. Alipitia habari za ziara na za ukumbi uliowafukuza kwa sababu ya makelele yao, hadi mstari wa mwisho: “Baada ya albamu hii, mpiga besi Mwaruka aliondoka kwa hiari yake.”

“Nimeondoka lini?”

“Mchapaji kakosea, ndugu yangu,” alisema Zedekia, kiongozi wao. Kwa miaka kumi na sita ya bendi hakuwahi kumwita ndugu.

Mwaruka akavaa gitaa lake la besi, ambalo huliacha hapo chumba cha mazoezi. Siku zote lilimning'inia mapajani. Leo likamkaa kifuani. Mkanda ulikuwa umefupishwa kwa kimo cha mtu mwingine.

“Moja, mbili,” Zedekia akahesabu, bila kugeuka.