Jiwe Lililofungwa Kamba

Huko Ujapani aliishi Nyani mtunza bustani, ambaye aliamini misuli yake kuliko kitu chochote. Asubuhi moja bosi wake, Bwana Korongo, alimpa jiwe dogo lililofungwa kamba nyeusi kama kifurushi.

"Leo Nguruwe-mwitu ni mgeni wetu wa chai, na mke wangu anaatamia mayai bwawani. Weka jiwe hili kwenye njia ya kwenda bwawani. Maana yake ni: tafadhali, usipite."

Nyani alicheka moyoni. Kijiwe hiki kimzuie Nguruwe-mwitu? Akakiweka kando, akasukuma mawe makubwa mpaka jasho likamtiririka, akaziba njia yote.

Nguruwe-mwitu alifika, akasimama. "Huko nyuma mmeficha nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Hakuna kitu, na mawe yote haya?" Akarudi nyuma hatua kumi, akaja mbio, na ukuta ukaporomoka. Mguu wake ulikuwa tayari upande wa pili Nyani alipokidaka kile kijiwe na kukiweka mbele yake.

Nguruwe-mwitu aliiona kamba. Akarudisha mguu, akainamisha kichwa.

"Kumbe mnaomba mtu asipite? Si ungesema tangu mwanzo." Akaenda zake kunywa chai.

Jioni Mama Korongo aliita kutoka bwawani, "Nyani, vifaranga wametoka. Njoo uwaone."

Nyani alikimbia kwa furaha, akafika kwenye kijiwe, akasimama.

"Nashindwa kupita, mama," alisema. "Kuna jiwe."