Ua la Unga

Mwalimu Tunu aliwaeleza watoto wa darasa la nne kwamba kusini mwa India wanawake huchora maua ya unga wa mchele mlangoni kila alfajiri, sisimizi na ndege wapate kula, na wapita njia wakanyage. Asubuhi hiyo nao wakachora lao mbele ya darasa, kwa unga wa sembe aliokuja nao kutoka nyumbani.

Lilipokamilika, Mwasiti, aliyewaongoza wenzake kuchora, akalizungushia matofali. "Atakayelikanyaga atanitambua," alisema.

"Huchorwa lifutike, mwanangu," alisema Mwalimu. "Kesho huchorwa jingine."

"Huko kwao, Mwalimu. Kwetu unga haumwagwi hivi hivi."

Hata mama yake Mwalimu angesema hivyo hivyo.

Mara akaja kuku wa mpishi wa shule na vifaranga sita. Kuku akaruka matofali, akaanza kudonoa. Vifaranga wakabaki nje wakilia. Mwasiti akachukua ufagio.

Mwasiti akawatazama vifaranga. Kisha akauweka ufagio chini, akainama, akaondoa tofali moja.