Kondoo Aliyelelewa Uani

Sheria haikuwa na msamaha: anayetaka kumwambukiza mnyama kwa utafiti, kwanza amlee nyumbani kwake. Siku ikifika, yule ambaye mnyama atamwendea ndiye atakayemchoma sindano.

Daktari Nyamizi hakuyumba. Maambukizi ya damu yalimchukua mwanawe wa pekee, Kabula, akiwa mchanga, na dawa haingepatikana bila kondoo kuugua. Ila yeye alishinda maabara kutwa, akamwachia mumewe, Masele, kazi ya kumlisha na kumwogesha kondoo wao.

Asubuhi hiyo mkaguzi alisimama uani. "Haya, daktari, mwite."

Nyamizi akaita. Kondoo akainua kichwa, akampita kama hamjui, akaenda kusugua pua kwenye goti la Masele.

Mkaguzi akamkabidhi Masele sindano yenye vijidudu.

"Baba Kabula, ukikataa nitaanza upya na kondoo mwingine," Nyamizi alisema.

"Na hadi hapo tutakuwa tumezika watoto wangapi, mama Kabula?" Masele akakunja mikono ya shati. "Nimchome wapi?"

Nyamizi akamwonyesha: shingoni, chini ya sikio.

Hapo ndipo Masele alipozoea kumkuna kila asubuhi. Kondoo alikuwa ameshainamisha kichwa, anangoja.