Chaki Mkononi mwa Tunu

Darasa zima lilikuwa limeshanakili jibu la Mwalimu Kombo. Tunu peke yake alikuwa na jibu jingine, na sheria ya mwalimu ilijulikana: anayepinga aje ubaoni akokotoe mbele ya wote.

"Usiende, shoga, watatucheka," Zuhena, aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza.

Tunu alisimama, akaenda ubaoni.

"Profesa huyo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na wote wakacheka.

Chaki ilimkatikia mkononi. Akaokota kipande, akakokotoa mpaka mstari wa mwisho. Mwalimu aliutazama ubao. Tunu hakuthubutu kugeuka.

Kisha akasikia, nyuma yake, kifutio kimoja kikisugua daftari. Halafu cha pili.