Ghala la Mama Pacha

Mpiga Picha alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi, akipiga picha sahani za bati. Zilipigiliwa juu ya nguzo fupi zilizobeba ghala, moja kila nguzo, ili panya akipanda agonge kichwa na kurudi alikotoka.

“Hizo alizikata marehemu mume wangu kwa mkono wake,” sauti ilisema kutoka ndani. “Panya wa bonde hili walimchukia mpaka anaingia kaburini.”

Mpiga Picha akacheka, akajipangusa, akaenda kusimama mlangoni. Jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa utani, maana kamera haikumtoka shingoni, nalo likamganda. Kwa miaka mitatu alikuwa akiyapiga picha maghala ya mbao ya mashamba haya kabla hayajatoweka. Picha za maghala thelathini na manane zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda chake, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa bado limesimama. Hili lilikuwa la mwisho. Barabara kuu mpya ilikuwa inalijia moja kwa moja, kama imechorwa kwa rula.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ingia. Mimi sitoki.”

Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya sakafu, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nyumba yake ilikwisha kubomolewa wiki iliyopita. Barua ya ofisi ya barabara ilisema jengo lenye mtu ndani haliguswi, basi yeye akaingia ghalani tangu alfajiri, akakaa.

“Nikitoa mguu nje tu, nimekwisha.”

Akamwonyesha pembe ya kushoto. Mwaka ambao upepo uliezua paa la nyumba, walihamia humu yeye, mumewe na mama mkwe. Mapacha wake walizaliwa pale, juu ya magunia ya mahindi.

“Mkunga alikuwa mama mkwe huyohuyo, na tulikuwa hatujasemezana wiki nzima. Siku ile tukasemezana!”

Mpiga Picha akaipiga picha pembe ile mara tatu. Kupitia nyufa za mbao lilionekana tingatinga la njano juu ya mteremko, na wanaume wenye kofia ngumu wamejilaza kivulini mwake.

“Limesimama pale tangu asubuhi, na kiti kitupu,” alisema Mama Pacha. “Nadhani dereva kaingiwa na huruma. Nikimwona nitamwuliza neno moja tu: ana mama?”

“Labda anaye.”

“Basi hatathubutu.”

Mpiga Picha alikuwa akifuta lenzi kwa ncha ya shati. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Simu yake ikalia.

“Bosi, nipe siku moja tu,” alisema kwa sauti ya chini.

“Jana ulisema hivyohivyo!” Sauti ya upande wa pili ilimfikia hata Mama Pacha pale kitini. “Maliza kazi. Wanaoitaka nafasi yako wamejaa tele.”

Simu ikakatwa.

“Pole, mwanangu,” Mama Pacha alisema. “Kumbe hata picha siku hizi zina presha?”

“Zina presha, mama.”

“Mimi wameniambia saa nane wanakuja askari kunibeba. Waje tu.”

Mpiga Picha alijua wanavyobeba. Mwezi uliopita, shamba la pili kutoka hapa, alimwona mzee mmoja akitolewa ghalani kwake kwa mikono na miguu, kama gunia. Kiatu chake kimoja kilibaki kizingitini. Alikipiga picha kiatu kile, na mpaka leo hajaweza kuitazama.

Akaangalia saa. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini, na kule bondeni vumbi la lori lilikuwa limeanza kupanda.

“Mama, nimepiga nguzo, nimepiga mbao, nimepiga paa. Imebaki moja. Wewe na ghala lako pamoja.”

“Nipige hapahapa.”

“Humu kuna giza. Nataka wajukuu zako walione lote, toka chini hadi paani, na wewe mbele yake.”

Mama Pacha alimtazama sana.

“Dakika moja?”

“Moja tu, mama.”

“Basi sawa. Mbele ya kamera hawawezi kunifanya kitu.”

Mpiga Picha akaitikia kwa kichwa.

Alimshika mkono, wakashuka ngazi tatu za mlangoni. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, kamera jichoni. “Njoo mbele kidogo. Njoo tena. Bado kidogo, mama.” Mama Pacha akamfuata hivyo hatua kwa hatua, mpaka wakafika kwenye uzio wa waya. Hapo Mama Pacha akaweka mkoba chini, akanyoosha kilemba chake na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

“Imetoka?”

“Imetoka vizuri sana. Sasa simama hapohapo, mama. Nakuomba, usisogee.”

Akaivua kamera, akamvisha shingoni. Kisha akapanda mteremko bila kugeuka nyuma. Wenye kofia ngumu wakainuka, wakampisha. Akashika ngazi ya tingatinga, akapanda, akaketi, akawasha injini.